Kazi Kwanza, Hati Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kujenga Ubia wa Vyuo Vikuu kwa Maendeleo Endelevu

Karibu kila chuo kikuu kina kabati la namna hii: majalada yamepangwa kwa mwaka, na ndani ya kila jalada mna hati ya makubaliano yenye nembo mbili, sahihi mbili na picha ya viongozi wakipeana mikono. Ukiuliza kila hati ilizaa kazi gani, majibu huwa machache, kwa sababu nyingi kati yake zilimaliza muda bila mtu kukumbuka kwamba zilikuwepo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mhadhiri, mkuu wa idara, ofisa wa ushirikiano au kiongozi wa jumuiya anayetaka ubia wenye kazi ndani yake. Msimamo wake ni huu: ubia huanzishwa na swali ambalo pande zote zinahitaji jibu lake, na hudumu pale ambapo maamuzi, fedha na sifa vimegawanywa kwa haki. Hati huja baadaye, kuandika yale ambayo yamekwisha kuanza kutendeka.

Umoja wa Mataifa ulipopitisha Ajenda ya 2030 mwezi Septemba 2015, nchi wanachama 193 zilikubaliana juu ya malengo 17 ya maendeleo endelevu yenye shabaha 169. Lengo la 17 linahusu ubia wenyewe, na shabaha ya 17.16 inataja ubia wa wadau wengi unaokusanya na kugawana maarifa, utaalamu, teknolojia na fedha. Chuo kikuu kina sifa tatu zinazokifaa kwa kazi hiyo: kina wataalamu wa fani nyingi katika taasisi moja, huishi muda mrefu kuliko vipindi vya uchaguzi na miradi ya wafadhili, na kila mwaka hutoa vijana watakaokuwa wahandisi, walimu, waganga na watumishi wa umma.

Ili hatua zishikike, nitatumia mfano mmoja wa kubuni mpaka mwisho: chuo kikuu, kamati ya watumiaji maji ya kijiji chenye visima 12, na mamlaka ya maji inayohudumia eneo hilo.

Hatua ya kwanza: tafuteni swali lenye mwenyewe

Kosa linaloua ubia mapema kuliko mengine yote ni chuo kwenda kwa wabia kikiwa na andiko la utafiti lililokamilika, kisha kuwaomba barua ya kuliunga mkono. Barua hutolewa kwa heshima, lakini hakuna aliyejiona ndani ya kazi hiyo. Katika mfano wetu, wahadhiri wa kemia wangependa kupima madini mazito kwenye maji, kwa kuwa wana mashine mpya na makala zitachapishwa. Kamati ya maji ina shida nyingine kabisa: kila baada ya mvua kubwa watoto huharisha, na wanakamati hawajui wafunge kisima kipi.

Kaeni pamoja mpaka shida hiyo iandikike kama swali moja linaloweza kujibiwa. Kwa mfano: “Kati ya visima hivi 12, ni vipi havifai kunywewa baada ya mvua kubwa, na hubaki hivyo kwa siku ngapi?” Tazameni nguvu iliyomo ndani ya sentensi hiyo. Inataja kitu kinachohesabika, ina muda, na jibu lake linampa mtu uamuzi wa kufanya kesho yake asubuhi. Mwanasayansi naye anapata kigezo cha kufanyia kazi, kwa kuwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka maji ya kunywa yasionekane na bakteria wa E. koli katika sampuli yoyote ya mililita 100.

Baada ya swali kupatikana, ndipo muangalie linaangukia malengo yapi. Hapa litagusa Lengo la 6 juu ya maji na Lengo la 3 juu ya afya. Wanaoanza na orodha ya malengo 17 na kutafuta la kuwekea alama huishia kudai kwamba mradi mmoja unatekeleza malengo tisa, na hakuna hata moja linaloonekana limesogea.

Hatua ya pili: jipangeni ndani kabla ya kutoka nje

Mwaka 1990, katika mji wa Talloires nchini Ufaransa, viongozi wa vyuo vikuu walitoa azimio la kuweka uendelevu ndani ya ufundishaji, utafiti, uendeshaji wa chuo na mahusiano yake na jamii, na tangu hapo mamia ya vyuo vimelitia saini. Maneno yake bado yana uzito. Kinachokwamisha ni mambo madogo ya ndani ambayo hayatajwi katika maazimio.

La kwanza ni vigezo vya kupandisha watumishi vyeo. Mhadhiri anayekaa miaka mitatu na kamati ya maji, akaisaidia kuandika utaratibu wa kufunga na kufungua visima, hupitwa na mwenzake aliyechapisha makala tano bila kutoka maabara. Mradi seneti haijabadili vigezo hivyo, ubia utabaki kazi ya watu wenye moyo, na watu hao huchoka. Naliweka jambo hili mbele kwa makusudi: uongozi wa chuo ukiwa na nafasi ya kufanya marekebisho mamoja tu mwaka huu, uanzie hapa.

La pili ni mratibu. Awepo mtu mmoja mwenye jina, namba ya simu na mamlaka ya kusema ndiyo kwa mambo madogo, ili mbia asizungushwe kutoka ofisi ya mkuu wa kitivo hadi ya mwanasheria, kisha ya mhasibu, kwa ajili ya kibali cha kutumia gari. La tatu ni orodha ya kweli ya mlicho nacho, yaani maabara zinazofanya kazi, wataalamu walio kazini na wala si walio likizo ya masomo, pamoja na kozi ambazo wanafunzi wake wanaweza kwenda uwandani.

Hatua ya tatu: chagueni wabia kwa kazi wanayoweza kufanya

Kwa kila swali tafuteni watu wa aina tatu: wanaoathirika na shida, wenye maarifa yake na wenye uamuzi juu yake. Kamati ya maji imo katika makundi mawili ya kwanza, kwa kuwa inajua historia ya kila kisima kuliko ramani yoyote. Mamlaka ya maji imo katika la tatu. Ubia unaokosa kundi la wenye uamuzi hutoa ripoti nzuri isiyokuwa na wa kuitekeleza, na unaokosa waathirika hutoa uamuzi usiotii hali halisi.

Mfadhili naye achunguzwe. Kampuni inayomwaga taka kwenye mto huohuo mnaoupima inaweza kujitolea kugharamia utafiti, na fedha zake huja na hamu ya kusoma matokeo kabla ya wengine. Kubali au kataa, lakini sababu iandikwe na wabia wote waijue.

Mkihitaji vyuo vingine, msianze kutafuta gizani. Jukwaa la RUFORUM lilianzishwa mwaka 2004 na vyuo 10 ili kuimarisha elimu na utafiti wa kilimo barani Afrika, na leo lina wanachama zaidi ya 100. Mtandao wa SDSN, ulioanzishwa mwaka 2012 chini ya Umoja wa Mataifa, huunganisha vyuo na taasisi za utafiti juu ya malengo yote. Mitandao hii hukupunguzia miezi ya kubahatisha anwani, ingawa uanachama peke yake haujawahi kuchimba kisima.

Hatua ya nne: vikao vya mwanzo

Vikao vitatu vya mwanzo huamua sura ya miaka inayofuata. Cha kwanza kifanyike kwa mbia, siyo katika ukumbi wa chuo. Mazungumzo yawe katika lugha ambayo mjumbe mwenye elimu ndogo kuliko wote anaweza kubishana nayo, kwa kuwa kuelewa ni jambo moja na kuweza kupinga ni jingine. Viti vipangwe kwa duara au pande zote za meza, wahadhiri wasikae upande mmoja kama jopo la mtihani.

Mpeni mjumbe wa jumuiya kazi ya kuandika muhtasari, au angalau aandike pamoja na mtu wa chuo, na kabla ya kufunga kikao maamuzi yasomwe kwa sauti. Nimekaa katika kikao ambacho kusoma huko kulifichua kwamba upande mmoja ulidhani umekubali kupimiwa maji, na mwingine ulidhani umepewa ruhusa ya kuhoji kaya zote. Dakika kumi za kusoma zilituokoa na ugomvi wa mwaka mzima.

Katika vikao hivi kila upande useme wazi unachotafuta. Hakuna aibu chuo kukiri kwamba kinataka machapisho na sehemu za mafunzo kwa wanafunzi, wala kamati kukiri kwamba inataka hoja za kuisukuma mamlaka ya maji. Maslahi yaliyosemwa hupangika, yaliyofichwa hujitokeza wakati mbaya.

Hatua ya tano: fanyeni kazi ndogo pamoja

Kabla ya hati yoyote kubwa, chagueni kazi ya miezi mitatu hadi sita. Katika mfano wetu, ni kupima visima vinne kabla ya mvua na baada yake. Kazi ndogo hufundisha mambo ambayo vikao haviwezi kuyaonesha. Sampuli ya kupima bakteria inatakiwa kuwekwa kwenye ubaridi na kufikishwa maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana, na isizidi saa 24. Ikiwa kijiji kiko mbali na chuo, mtagundua siku ya kwanza kwamba mtafiti hawezi kusafiri kila mvua inaponyesha, na kwamba sampuli lazima zichukuliwe na wanakamati wenyewe baada ya kufunzwa. Mara moja kamati inakuwa mshiriki wa utafiti, na mgawanyo wa fedha unabidi uangaliwe upya.

Mifano ya kuanza kidogo ipo. Nchini Uholanzi, tangu miaka ya 1970, baadhi ya vyuo vikuu vilifungua madawati ambapo vikundi vya wananchi visivyo na fedha huleta maswali yao, na wanafunzi huyafanyia utafiti kama sehemu ya masomo chini ya usimamizi wa walimu. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Oregon kilianzisha mwaka 2009 utaratibu wa kuchagua mji mmoja kwa mwaka mzima wa masomo, na kozi nyingi ambazo zingefundishwa vyovyote vile zikaelekezwa kwenye maswali ya mji huo. Uzuri wa njia hizi ni kwamba hazihitaji kusubiri mfadhili mkubwa, kwa kuwa muda wa mwanafunzi na mwalimu tayari umo kwenye ratiba. Hatari yake ni muhula kwisha kabla ya jibu kupatikana, kwa hiyo mratibu ahakikishe kundi linalofuata la wanafunzi linarithi daftari la waliotangulia.

Hatua ya sita: sasa andikeni hati

Mkishafanya kazi ndogo mtajua cha kuandika. Tofautisheni nyaraka mbili. Hati ya makubaliano hueleza nia na kwa kawaida haibani kisheria, ilhali mkataba wa mradi hutaja kazi, tarehe, fedha na wajibu, na huo ndio unaoweza kudaiwa. Penye taarifa za watu au sampuli zinazosafirishwa, kuwe na makubaliano ya pekee juu ya hizo.

Tume ya Uswisi inayoshughulikia ubia wa utafiti kati ya nchi tajiri na zinazoendelea, KFPE, imetoa kanuni 11 ambazo nawashauri mzitumie kama kipimo cha rasimu yenu. Miongoni mwake ni kupanga ajenda kwa pamoja, kubainisha wajibu, kuwajibika kwa wanaonufaika, kugawana data na mitandao, na kugawana faida na sifa. Pitieni rasimu mkiuliza kwa kila kanuni: kifungu chake kiko wapi?

Vifungu ambavyo husahaulika ni vya mambo yasiyopendeza kuzungumzwa wakati wa furaha. Nani ana kauli ya mwisho pande zikitofautiana? Mtu muhimu akihama, nani anashika nafasi yake na kwa muda gani? Matokeo yakiiudhi mamlaka ya maji, je, inaweza kuzuia yasitangazwe? Kwa maoni yangu isiweze. Ipewe muda maalumu, tuseme siku 30, wa kusoma na kutoa maelezo yake, kisha matokeo yatoke. Na mbia akitaka kujitoa, atoe taarifa ya muda gani, na vifaa vibaki kwa nani?

Hatua ya saba: fedha

Mali bila daftari hupotea bila habari, na ubia mwingi umevunjika kwa jambo hili peke yake. Bajeti nzima ionwe na wabia wote, siyo kila mmoja kuoneshwa fungu lake tu. Chuo kinachoshika akaunti kieleze kinakata kiasi gani kwa gharama za uendeshaji. Mfuko wa utafiti wa Umoja wa Ulaya wa Horizon Europe, kwa mfano, huruhusu gharama zisizo za moja kwa moja kwa kiwango cha asilimia 25 ya gharama za moja kwa moja zinazokubalika, na ni haki kila mbia anayelipia umeme, ofisi na mhasibu apate sehemu yake kama taasisi inayoongoza.

Malipo ya nyuma, yaani kutumia kwanza na kurudishiwa baadaye, huyafaa mashirika yenye akiba na huyaumiza yasiyo nayo. Kamati ya kijiji haiwezi kukopesha chuo kikuu. Itengewe fedha za awali, na hesabu zake ziwe katika fomu rahisi inayoweza kujazwa kwa kalamu. Muda wa wanakamati wanaochukua sampuli nao ulipwe, kwa kuwa muda wa mhadhiri unalipwa.

Hatua ya nane: data, haki na majina

Hapa ndipo dhuluma hujificha vizuri zaidi, na kwa hiyo hapaharakishwi. Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa yaliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, inataka ridhaa itolewe kabla na manufaa yagawanywe pale rasilimali za kijenetiki za mimea, wanyama au vijidudu, na maarifa asilia yanayohusiana nazo, zinapotumika. Mwaka 2017 jamii za Wasan wa Afrika Kusini walitoa kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti, zinazodai heshima, uaminifu, haki, utu wema na kufuata utaratibu, zikiwataka watafiti wawasilishe mapendekezo yao kwa baraza la Wasan kabla ya kuanza. Nguvu ya hatua hiyo ni kwamba masharti yaliandikwa na wale wanaotafitiwa. Wabia wenu wakitaka kuandika yao, wapeni nafasi.

Juu ya data, amueni mapema zitahifadhiwa wapi, nani anaweza kuzifungua, na jumuiya itapata nakala katika umbo gani. Jedwali la kompyuta lenye safu 40 halimsaidii mwenyekiti wa kamati. Karatasi moja yenye majina ya visima na rangi tatu inamsaidia. Kuna data zinazoweza kuwadhuru watu pia: ramani ya visima vichafu ikitangazwa kabla ya watu kuambiwa na kupewa maji mbadala, huleta taharuki bila msaada.

Juu ya majina kwenye makala, msisubiri rasimu ya mwisho. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ina masharti manne ya kuitwa mwandishi, na utaratibu wa CRediT unaorodhesha majukumu 14 ya wachangiaji, kuanzia wazo la awali hadi usimamizi. Chukueni orodha hiyo mwanzoni mwa kazi na mwandike nani atafanya nini. Mtafiti wa chuo kidogo aliyesimamia uwanda mzima asiishie kwenye aya ya shukrani huku jina la kwanza likienda kwa aliyefika mara moja. Matokeo yaende kwanza kwa waliotoa maji yao yapimwe, ndipo yapelekwe kwenye jarida.

Hatua ya tisa: pimeni machache, kwa uaminifu

Viashiria vitatu au vinne vinatosha. Idadi ya mikutano na semina hupimika kwa urahisi, na ndiyo sababu hujaa kwenye ripoti, lakini haisemi lolote juu ya maji. Afadhali mpime ni mara ngapi kamati ilifunga kisima kwa kutumia matokeo, ilichukua saa ngapi tangu sampuli hadi tangazo, na kama mamlaka ya maji iliingiza matengenezo katika mpango wake.

Mpime pia afya ya ubia wenyewe. Mara moja kwa mwaka kila upande ujibu kwa siri maswali matatu: tunasikilizwa, tunalipwa kwa wakati, tunaona faida? Majibu yakitofautiana sana, ahirisheni shughuli nyingine na mkae chini. Orodha za kimataifa zinazopanga vyuo kwa mchango wao katika malengo haya, kama ile ya Times Higher Education iliyoanza mwaka 2019 na inayohitaji kila chuo kitoe taarifa za Lengo la 17 ili kipate nafasi ya jumla, zinaweza kuwasaidia kukusanya kumbukumbu zenu, mradi zisigeuke kuwa sababu ya kuanzisha ubia.

Hatua ya kumi: pangeni kukabidhi tangu siku ya kwanza

Kila ubia una siku ambayo fedha zitakwisha au mtu aliyeushikilia ataondoka. Andikeni ratiba ya makabidhiano ndani ya mkataba, na kila mwaka kazi moja ihame kutoka kwa chuo kwenda kwa mbia atakayebaki nayo. Katika mfano wetu, mwaka wa kwanza wanafunzi wanachukua sampuli pamoja na wanakamati. Mwaka wa pili wanakamati wanachukua wenyewe na chuo kinapima. Mwaka wa tatu mamlaka ya maji inaanzisha kituo kidogo cha kupimia karibu na kijiji, chuo kikiwafunza watumishi wake na kurudia sampuli chache ili kuhakiki usahihi.

Ulizeni maswali ya mkononi kabisa: vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vitanunuliwa na nani, kutoka fungu gani la bajeti, na vikiisha katikati ya masika nani anapigiwa simu? Kisanduku cha ubaridi kinabaki kwa nani, na ufunguo wake unakaa wapi? Daftari la matokeo liwe na nakala mbili, moja kwa kamati na moja kwa mamlaka, na ukurasa wake wa kwanza uwe na maelezo ambayo mtu mgeni anaweza kuyafuata bila kuuliza. Mvua kubwa ya mwaka wa nne itakaponyesha, katibu wa kamati achukue chupa zake, apeleke sampuli kituoni, aandike matokeo, na afunge kisima kinachostahili kufungwa, huku mhadhiri akipata habari hizo kwa ujumbe wa simu jioni.